Jinsi ya Kupima Ustadi wa Rubani na Mzigo wa Kazi Ndani ya Simuleta ya Ndege

Marubani wawili wanaweza kushusha ndege kwa mstari mmoja, wasipishane hata futi ishirini, na bado wasiwe sawa. Wa kwanza amefika chini akiwa na nafasi akilini: redio ingemwita, taa ya onyo ingewaka, na hayo pia angeyamudu. Wa pili ametumia kila alichonacho kuizuia sindano ya chombo cha njia ya kutua isikimbie, na jambo moja dogo zaidi lingemvuruga. Kumbukumbu ya simuleta itawapa alama zilezile. Ndiyo maana ustadi na mzigo wa kazi vinapaswa kupimwa pamoja, katika safari moja na katika dakika zilezile. Ukipima kimoja tu, utampitisha rubani ambaye bado hajaiva, au utamrudisha nyuma aliyeiva.

Mwongozo huu unamfaa mkufunzi, mwanafunzi wa utafiti, na yeyote mwenye simuleta inayohifadhi data, kuanzia programu kama X-Plane au FlightGear kwenye kompyuta ya mezani hadi simuleta kamili ya daraja D, la juu kabisa, inayosogea pande zote. Vifaa vinatofautiana, lakini mantiki ni ileile.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kuwasha mashine

Swali liwe sentensi moja. "Je, mwanafunzi huyu anaweza peke yake kushuka kwa vyombo, yaani bila kutazama nje, huku akijibu redio?" ni swali linalopimika. "Je, ni rubani mzuri?" halipimiki. Swali likishakaa sawa, litakuambia vipimo gani unavihitaji, na vingi utaviacha. Kishawishi ni kukusanya kila kitu kwa sababu mashine inaruhusu. Mwishowe unabaki na mafaili mazito yasiyo na jibu.

Papo hapo, weka mipaka ya kufaulu. Usiiweke baada ya kuona matokeo, maana macho yataanza kumtetea unayempenda. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, kwa leseni ya kuruka kwa vyombo hutumia futi 100 juu au chini ya mwinuko uliopangwa, noti 10 za kasi (maili za baharini kwa saa) na nyuzi 10 za uelekeo. Wakati wa kushuka kutua, sindano inayoonyesha mkengeuko kutoka njia ya kutua isizidi robo tatu ya mwendo wake kutoka katikati hadi mwisho. Ukiwa chini ya mamlaka nyingine, chukua vigezo vyake. Muhimu ni kwamba viwe vimeandikwa mapema.

Hatua ya 2: Tunga zoezi lenye vipande

Safari nzima haipimiki kama kitu kimoja. Igawe vipande vyenye mwanzo na mwisho unaoonekana kwenye data. Zoezi zuri la dakika ishirini linaweza kuwa hivi: dakika tatu za kuruka usawa wa futi 3,000, zamu moja ya kushoto na moja ya kulia, kuudaka mhimili wa njia ya kurukia, kushuka kwa mfumo wa kutua kwa vyombo, ILS, kwenye mteremko wa nyuzi 3 hadi futi 200, kisha kutua au kupaa tena kwa amri.

Zoezi hilo lirushwe katika viwango vitatu vya ugumu. Kwanza hewa tulivu. Pili, upepo wa ubavuni na misukosuko ya hewa. Tatu, hali hiyohiyo pamoja na hitilafu, kwa mfano chombo kimoja kinachozimika kabla ya kushuka. Viwango hivi ndivyo vinavyofichua akiba ya rubani, kwa sababu katika hewa tulivu karibu kila mtu aliyefunzwa hupata alama nzuri na tofauti hazionekani.

Misukosuko iwe ileile kwa kila rubani. Programu nyingi huizalisha kwa bahati nasibu, na ukiiacha hivyo mmoja atapata tufani na mwingine upepo mwanana. Pale programu inaporuhusu, funga namba inayoanzisha bahati nasibu hiyo, au rekodi mfululizo mmoja wa upepo na uurudie. Uzito wa ndege, mafuta, mwanga wa mazingira na mahali pa kuanzia navyo vifungwe.

Hatua ya 3: Ikague simuleta yenyewe

Kabla ya kumhukumu mtu, hakikisha mashine haisemi uongo. Sukuma usukani hadi mwisho pande zote uone kama data inafika mwisho. Uachie uone kama inarudi katikati. Pima ucheleweshaji kati ya mkono kusogea na picha kugeuka, na unaweza kutumia kamera ya simu inayorekodi kwa kasi, ikionyesha mkono na skrini kwa pamoja. Ucheleweshaji ukiwa mkubwa, rubani hodari ataanza kuyumbayumba kama mwanagenzi, kwa kuwa anasahihisha kosa ambalo limeshapita.

Kuna pia kichefuchefu cha simuleta. Dodoso liitwalo SSQ, lililochapishwa na Robert Kennedy na wenzake mwaka 1993, lina dalili 16 za kujaza. Lijazwe kabla na baada ya kuruka. Rubani anayesikia kizunguzungu atatoa namba za mzigo mkubwa ambazo hazihusiani na kuruka.

Hatua ya 4: Rekodi vyote kwa kufuata saa moja ileile

Hifadhi angalau muda, mwinuko, kasi, uelekeo, mkengeuko wa sindano zote mbili za ILS (ya kulia na kushoto, na ya mteremko), mlalo wa mabawa, mwinamo wa pua, pamoja na mahali pa usukani, pedali na mkono wa nguvu za injini. Mara kumi kwa sekunde zinatosha kwa njia ya ndege. Kwa mienendo ya mikono, rekodi mara 20 hadi 50 kwa sekunde.

Jambo linaloharibu kazi nyingi ni saa. Kompyuta ya simuleta ina saa yake, mkanda wa mapigo ya moyo una yake, kamera ina yake. Zisipopatanishwa hutajua kama moyo ulipanda kabla ya hitilafu au baada yake. Weka tukio moja linaloonekana kote mwanzoni na mwishoni mwa safari: mlio unaosikika kwenye kamera, unaoandikwa kwenye faili la simuleta, na unaowekewa alama kwenye kifaa cha moyo. Kwa alama mbili utapata kusahihisha hata saa inayokwenda mbio kidogo.

Hatua ya 5: Geuza njia ya ndege kuwa namba

Kipimo kinachotumiwa zaidi hupatikana hivi: kwa kila nukta ya data, toa thamani iliyopangwa kutoka kwenye thamani halisi ili upate kosa. Zidisha kila kosa kwa lenyewe, tafuta wastani, kisha chukua kipeuo cha pili. Namba hiyo huitwa RMS, na inakuambia kosa la kawaida lilikuwa na ukubwa gani bila kujali lilikuwa juu au chini.

Lakini usiishie hapo. Tuseme rubani wa kwanza anayumba kama wimbi, futi 57 juu na futi 57 chini, tena na tena. Wa pili ametulia kabisa, ila futi 40 juu ya mwinuko uliopangwa muda wote. RMS ya wote wawili ni kama 40. Wa kwanza ana tatizo la kuidhibiti ndege; wa pili anaidhibiti vizuri sana, ila hajaona kosa lake au ameona akaliachia. Dawa zao ni tofauti kabisa. Kwa hiyo toa namba tatu kila mara: wastani wa kosa pamoja na alama yake ya kujumlisha au kutoa, mtawanyiko wa makosa kuzunguka wastani huo, na RMS. Kwa rubani wa kwanza wastani ni sifuri na mtawanyiko ni kama 40. Kwa wa pili wastani ni 40 na mtawanyiko ni sifuri.

Ongeza asilimia ya muda ndani ya mipaka. Aliyekaa ndani kwa asilimia 95 na kutoka mara moja si sawa na aliyeingia na kutoka mara nane, kwa hiyo hesabu pia idadi ya kutoka na muda wa kurudi. Mimi huuthamini muda wa kurudi kuliko vipimo vingine vyote vya njia ya ndege, kwa sababu kila rubani hukosea. Ustadi unaonekana katika wepesi wa kuliona kosa na kulirekebisha bila kuzaa lingine.

Kuhusu ILS, amua mapema kama unapima kwa nyuzi au kwa futi. Sindano ya mteremko hufika mwisho kwa takriban nyuzi 0.7, na miale ya ILS hupanuka kadiri unavyokuwa mbali. Umbali wa maili 5 za baharini, nyuzi hizo ni kama futi 370. Umbali wa maili 1 ni kama futi 74. Ukipima kwa futi, mwanzo wa kushuka utaonekana mbaya. Ukipima kwa nyuzi, mwisho utaonekana mbaya. Nashauri nyuzi, kwa kuwa ndizo rubani anazoziona kwenye chombo, kisha ugawe mteremko katika vipande viwili, juu na chini ya futi 500.

Hatua ya 6: Tazama mikono

Njia ya ndege inaonyesha matokeo. Usukani unaonyesha gharama yake. Hesabu ni mara ngapi kwa dakika rubani amegeuza mwelekeo wa usukani, ukipuuza mitetemo midogo isiyozidi, kwa mfano, asilimia 2 ya mwendo wake wote. Anayelinda sindano kwa mageuzi machache yuko mbele ya ndege. Anayepata RMS ileile kwa mageuzi maradufu anapigana nayo, na hewa ikichafuka ndiye wa kwanza kuzidiwa.

Tahadhari moja: mageuzi machache sana yanaweza pia kumaanisha kwamba rubani amekata tamaa au hatazami. Kipimo hiki kisomwe pamoja na RMS, kamwe kisisomwe peke yake.

Hatua ya 7: Mpe mkufunzi karatasi yenye mipaka

Kuna mambo ambayo data haiyaoni: namna ya kuamua, kugawana kazi na rubani mwenza, kusoma orodha ya ukaguzi bila kuruka mstari. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limeorodhesha umahiri wa rubani unaojumuisha mawasiliano, uongozi na kazi ya pamoja, utatuzi wa matatizo na uamuzi, utambuzi wa hali, na usimamizi wa mzigo wa kazi. Chagua machache yanayohusu swali lako, na kwa kila kimoja andika matendo yanayoonekana. "Alitangaza mpango wake kabla ya kugeuka" linaonekana. "Alikuwa makini" ni maoni.

Watathmini wawe wawili, wasijadiliane kabla ya kuandika alama, na ikiwezekana watazame video bila kujua rubani yuko kwenye kiwango gani cha ugumu. Kisha pima makubaliano yao kwa kappa ya Cohen, ambayo huondoa makubaliano yanayotokea kwa bahati tu. Wasipokubaliana, tatizo huwa mara nyingi ni maneno ya karatasi, na hiyo ndiyo ya kurekebisha kwanza.

Hatua ya 8: Muulize rubani, kwa utaratibu

Dodoso linalotumika zaidi duniani ni NASA-TLX, lililochapishwa na Sandra Hart na Lowell Staveland mwaka 1988. Lina vipengele sita: mahitaji ya akili, mahitaji ya mwili, shinikizo la muda, ufanisi, juhudi na usumbufu (kukereka). Kila kimoja hupewa alama kutoka 0 hadi 100 kwa hatua za 5. Kisha rubani hulinganisha vipengele viwiliviwili, jozi 15, akichagua kipi kilichangia zaidi mzigo wake. Mara ambazo kipengele kimechaguliwa ndizo uzito wake.

Tuseme akili imepata 80 na uzito 5, muda 70 na uzito 4, juhudi 65 na uzito 3, ufanisi 40 na uzito 2, usumbufu 50 na uzito 1, mwili 20 na uzito 0. Zidisha kila alama kwa uzito wake, jumlisha upate 1,005, gawanya kwa 15: mzigo ni 67. Bila uzito, wastani wa sita hizo ni kama 54. Njia zote mbili zinakubalika, lakini usizichanganye katika kazi moja, na useme wazi umetumia ipi.

Mtego wa NASA-TLX uko kwenye kipengele cha ufanisi. Upande wa 0 maana yake ni kufaulu kikamilifu na upande wa 100 ni kushindwa. Watu wengi, kwa mazoea ya mitihani, hujipa 90 wakimaanisha wamefanya vizuri. Waeleze hilo kwa sauti kila mara, hata kama wamekwisha kulijaza zamani. Na dodoso lijazwe mara tu zoezi linapoisha, rubani akiwa bado kitini. Wakisubiri hadi baada ya mazungumzo na mkufunzi, watajaza kile mkufunzi alichosema.

Tatizo jingine la NASA-TLX ni kwamba linakuja baada ya safari, hivyo huchanganya dakika tulivu na dakika ngumu. Kwa kipande kimoja, tumia mizani ya Bedford, iliyotengenezwa katika kituo cha utafiti wa ndege cha Bedford, Uingereza. Ina ngazi 10, na rubani huifikia ngazi yake kwa kujibu maswali matatu: je, kazi iliwezekana kukamilika? Je, mzigo ulivumilika? Je, uliridhisha bila kuhitaji kupunguzwa? Ngazi 1 hadi 3 zinaridhisha. Ngazi 10 maana yake kazi iliachwa. Uzuri wake ni kwamba inauliza moja kwa moja kuhusu nafasi iliyobaki kwa kazi nyingine. Usiichanganye na mizani ya Cooper-Harper ya mwaka 1969, ambayo nayo ina ngazi 10 na mti wa maswali: ile inatathmini jinsi ndege inavyoongozeka, na matokeo yake ni hukumu juu ya ndege.

Hatua ya 9: Mpe kazi ya pembeni

Ningelazimika kubaki na kipimo kimoja tu cha mzigo, ningebaki na hiki. Rubani anaporuka, mpe kazi ndogo ya ziada, umwambie wazi kwamba kuruka ndiko kunatangulia na hiyo nyingine aifanye kadiri anavyoweza. Kadiri kuruka kunavyomla, ndivyo kazi ya pembeni inavyozorota, na mzorotesho huo una namba: muda wa kuitikia kwa milisekunde, na idadi ya zilizokosekana.

Njia rahisi ni milio miwili, mmoja wa kawaida na mwingine wa nadra, rubani abonyeze kitufe kwenye usukani anaposikia wa nadra. Njia iliyo bora ni kutumia redio. Andaa rekodi za mwongozaji ndege akiita ndege mbalimbali; rubani ajibu jina la ndege yake tu na kubadilisha masafa anapoagizwa. Kazi hii ni sehemu ya urubani wenyewe, hivyo haimshangazi mtu wala haimtoi kwenye hali ya kuruka.

Kwanza mpime akifanya kazi hiyo peke yake, bila kuruka, upate muda wake wa msingi. Kisha linganisha. Na rudisha macho kwenye RMS: kama njia ya ndege imeharibika mara kazi ya pembeni ilipoingia, rubani hakufuata maagizo ya kutanguliza kuruka, na muda wake wa kuitikia haukuambii ulichotaka kujua.

Hatua ya 10: Moyo na macho, ukiwa na vifaa

Mapigo ya moyo hupanda mzigo unapopanda, na tofauti za muda kati ya pigo na pigo kwa kawaida hupungua. Tumia mkanda wa kifuani unaohifadhi kila pigo. Rekodi kwanza dakika tano rubani akiwa ameketi kitini kimya, uwe na msingi wake mwenyewe, maana watu hutofautiana mno kulinganishwa wao kwa wao. Kumbuka kwamba kuongea hubadilisha pumzi, na pumzi hubadilisha tofauti hizo. Dakika zenye redio nyingi zitaonekana tofauti hata kama akili imetulia.

Macho yanasema zaidi. Paul Fitts na wenzake waliyapiga filamu macho ya marubani wakishuka kutua kwa vyombo na kuchapisha matokeo mwaka 1950. Walichotuachia bado kinatumika: idadi ya mara chombo kinapotazamwa huashiria umuhimu wake, na muda wa kila mtazamo huashiria ugumu wa kukisoma. Kifuatilia macho cha leo kitakupa yote mawili, pamoja na ukubwa wa mboni. Mboni hupanuka kwa mzigo, lakini hupanuka zaidi kwa giza; kama zoezi moja ni la mchana na jingine la usiku, kiache kabisa kipimo hicho.

Hatua ya 11: Panga mizunguko

Mtu hujifunza anaporudia. Ukianza kila mara na zoezi jepesi na kumalizia na gumu, kujifunza na ugumu vitachanganyika, na uchovu utaingia katikati. Viwango vitatu vina mipangilio sita inayowezekana. Wagawie marubani mipangilio hiyo kwa usawa. Kabla ya vipimo halisi, kila mmoja aruke mazoezi hadi RMS yake iache kushuka kati ya mzunguko na mzunguko. Hatua hii inachosha, na ndiyo inayorukwa mara nyingi, lakini bila hiyo unapima jinsi mtu anavyoizoea simuleta yako.

Kama unampima mtu mmoja kwa muda mrefu, saa ya siku na usingizi wa jana yake viandikwe pia.

Hatua ya 12: Soma matokeo kwa pande mbili

Chora mchoro mmoja. Mstari wa chini uwe mzigo, wa wima uwe kosa la njia ya ndege, na kila kipande cha safari kiwe nukta. Kosa dogo na mzigo mdogo: rubani yuko tayari kwa zoezi gumu zaidi. Kosa kubwa na mzigo mkubwa: amezidiwa, punguza ugumu na ujenge upya. Pembe hizi mbili hazina fumbo.

Zinazohitaji jicho ni nyingine mbili. Kosa dogo na mzigo mkubwa ndiye rubani wa pili tuliyeanza naye. Alama zake zinapendeza, na ndiye ninayemhofia zaidi, kwa sababu mfumo wa mitihani unaotazama njia ya ndege peke yake utampa leseni. Anahitaji saa zaidi za kurudia mambo ya msingi, hasa trimu (kirekebishi kinachoondoa uzito wa usukani mkononi) na nguvu za injini, hadi mikono ifanye bila kuuliza. Kosa kubwa na mzigo mdogo ni hali ya asiyejua kwamba anakosea. Huyu haombi msaada. Mwonyeshe mchoro wa njia yake, kisha rudia zoezi huku akitamka kwa sauti kila mkengeuko anaouona.

Vipimo vya mzigo vinapopingana, mathalani NASA-TLX iko chini na muda wa kuitikia redio umerefuka mno, usitafute wastani. Rudi kwenye video. Mara nyingi utakuta rubani aliiacha redio kwa makusudi dakika ngumu ilipofika, akajisikia vizuri. Huenda huo ni uamuzi sahihi wa kutanguliza ndege, na huenda ni dalili ya kufungwa macho na jambo moja. Kinachotofautisha ni kama aliirudia redio mwenyewe baadaye.

Hatua ya 13: Linda data, kisha mrudishie mwenyewe

Rubani akubali kwa maandishi kabla ya kuanza, ajue nani ataona mapigo ya moyo wake na macho yake, na ajue anaweza kusimama wakati wowote. Data ya mwili isiingie kamwe kwenye faili la ajira au la nidhamu. Hilo nalisema kwa uzito wote: siku marubani watakapoamini kwamba mkanda wa kifuani unaweza kuwaondoa kazini, watajifunza kujibu dodoso kwa namba za uongo, na hutakuwa na kipimo tena.

Kisha, siku ileile, kaa naye mbele ya mchoro. Kabla hujamwonyesha, mwulize ni kipande gani kilikuwa kizito zaidi, aandike jibu lake. Linganisha na muda wa kuitikia na mageuzi ya usukani katika kipande hicho, na mkubaliane jambo moja la kufanyia mazoezi. Mpime tena kwa zoezi lilelile, misukosuko ileile, na dodoso lilelile.